Ruzuku ya kufunga kizazi mbwa: pesa zianze na majike

Ukitoka Ruai, mashariki mwa Nairobi, ukashika barabara ya Kangundo, ukapita Kamulu hadi Joska, karibu kila boma lina mbwa, na aghalabu si mmoja. Asiye na ukuta wa mawe wala pesa za mlinzi hufuga mbwa. Lakini madaktari wa mifugo wanaopasua mbwa wamejazana upande wa pili wa jiji, Karen, Lavington na Kabete, na ada yao inamfaa mwenye mshahara wa mwezi. Kwa anayeishi kwa vibarua, kumfunga kizazi mbwa mmoja tu kunaweza kumeza kipato cha wiki nzima au zaidi. Ndiyo maana kila mbwa koko wanapozungumziwa, pendekezo ni lile lile: kaunti na wafadhili wasaidie kulipia. Ninaliunga mkono, ila si kwa namna linavyotekelezwa mara nyingi.

Wanaolipinga wana hoja nzito. Kichaa cha mbwa kilirekodiwa kwa mara ya kwanza nchini mwaka 1912, kwa mbwa mmoja pembezoni mwa Nairobi, na hadi leo kinaua Wakenya. Mwaka 2014 taifa lilijiwekea mkakati wa kukitokomeza ifikapo 2030. Silaha kuu ya mkakati huo ni chanjo. Shirika la Afya Duniani linashauri kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, na katika vijiji vya Tanzania vilivyo jirani na Serengeti chanjo peke yake, bila kuhasi, ilipunguza sana ugonjwa huu na idadi ya watu walioumwa na mbwa wagonjwa. Kumchanja mbwa ni kazi ya dakika moja chini ya mti. Kumpasua kunahitaji daktari aliyesajiliwa, dawa ya usingizi, vifaa vilivyochemshwa na muda. Basi, wanauliza, kwa nini pesa za kuchanja mbwa wengi ziishie kwenye tumbo la mmoja, hasa wakati mtoto aliyeumwa anaweza kufika hospitalini akaambiwa dawa imeisha?

Swali hilo ni la haki, na jibu langu ni kwamba hata senti moja isitolewe kwenye chanjo. Ila chanjo nayo huvuja. Chukua kijiji chenye mbwa 100, ukawachanja 70. Mwaka ukipita, tuseme 30 kati ya kila 100 wamekufa kwa magari, njaa, sumu na magonjwa, na nafasi zao zimejazwa na watoto waliozaliwa karibuni. Waliochanjwa wamebaki 49. Hakuna aliyezembea, ni uzazi tu umeipiku sindano. Mbwa wa vijijini wanaishi muda mfupi na kuzaana haraka. Jike anaweza kupata joto, yaani kuwa tayari kupandwa, kabla hajatimiza mwaka, anabeba mimba kwa siku 63 hivi, na kwa kawaida anapata joto mara mbili kwa mwaka. Watoto wake wanaingia mtaani bila kinga.

Sasa tazama watoto wenyewe wanakoishia. Jirani akija kuomba mbwa wa kulinda, anachagua dume. Majike hubaki. Hao ndio wanaotiwa kwenye gunia na kuachwa kando ya barabara, karibu na soko au kichinjio, kwa matumaini kwamba watajitafutia. Wachache wanaosalimika ndio mama wa kizazi kijacho cha mbwa koko. Kwa hiyo msaada unaogawa huduma kwa yeyote anayefika, dume kwa jike, unapoteza nguvu zake. Ukihasi madume tisa ukamwacha mmoja, huyo mmoja anawatosha majike wote wa kijiji. Kuna faida ya kuhasi madume, siikatai, kwani waliohasiwa hupunguza kuzurura na kupigana, na ile dhana kwamba dume aliyehasiwa halindi boma haina msingi. Lakini pesa zikiwa chache, jike atangulie.

Kinachonisumbua zaidi ni namna siku hizi za huduma ya bure zinavyoendeshwa. Wengi wa wanaoleta mbwa ni watoto wa shule. Mbwa wa boma hajazoea kamba shingoni. Anaburutwa kwa kamba ya katani, akigoma na kuing'ata, na aliyemshika ni mvulana wa darasa la tano kwa kuwa ndiye anayempa ugali. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Mpango usiotuma mtu mzima wa kushika mbwa umeanza vibaya.

Kisha upasuaji wenyewe. Jike anatakiwa awe hajala tangu usiku, lakini boma halina ua na amekuwa akizunguka jalalani. Anadungwa usingizi, ananyolewa tumbo, daktari anafungua, anafunga mishipa ya damu kwa uzi, anatoa ovari na mfuko wa uzazi, anashona tabaka kwa tabaka. Fundo moja likilegea, anavuja damu ndani kwa ndani huku amelala chini ya ghala, na asubuhi anakutwa amekufa. Kidonda kinahitaji siku 10 hadi 14 kikiwa kikavu, bila kurambwa. Gari la wafadhili limeondoka jioni ile ile. Mbwa mmoja akifa hivyo, habari zinaenea kijiji kizima, na msimu ujao hakuna anayeleta wake. Siwalaumu.

Je, kazi hii inawezekana kwa ukubwa unaohitajika? Bhutan, nchi ndogo ya Asia, ilitangaza Oktoba 2023 kwamba imewafunga kizazi na kuwachanja mbwa wake wote wanaozurura. Ilianza mwaka 2009. Nchi hiyo yote ina watu wasiofikia milioni moja; sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni 4.3 Nairobi pekee. Na Bhutan haina jalala kubwa kama la Dandora, Nairobi. Panapokuwa na mabaki ya chakula na utumbo wa vichinjio kama vya Dagoretti, mbwa wapya watafuata, hata uwapasue wangapi.

Kuhusu nani alipe, Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na leseni za mbwa. Mashirika ya kutetea wanyama kama KSPCA yamebeba mzigo huu kwa muda mrefu, lakini shirika linategemea michango, na michango hukauka. Kaunti ina bajeti kila mwaka. Shida ni kwamba mbwa hajui mpaka: Kamulu iko Nairobi, Joska iko Machakos, na jike mmoja anaweza kula huku na kuzalia kule. Kaunti mbili zisipopanga siku moja, kila moja inafanya nusu ya kazi.

Ningependa kuona malipo yakifanywa hivi. Daktari wa kibinafsi aliye karibu alipwe kwa kila jike aliyefungwa kizazi na kuchanjwa siku hiyo hiyo, akiwa na alama sikioni. Wakazi wa nyumba zenye geti wanaoleta mbwa wa bei walipe wenyewe, la sivyo ruzuku itaishia kwao kwa sababu ndio wenye magari. Na daktari apewe nusu ya pesa siku ya upasuaji, nusu nyingine baada ya kurudi bomani siku ya kumi kukagua mshono.