Kamera nane, sura hakuna

Pita Njiro, Sakina au Moshono hapa Arusha jioni moja uhesabu kamera. Kila geti jipya lina yake, mengine yana tatu, na bango la "Mbwa Mkali" sasa limepata jirani wa "Eneo hili lina CCTV". Madukani mjini maboksi yamepangwa hadi darini: seti ya nne bei hii, seti ya nane bei ile, ufundi utaelewana. Sina ugomvi na biashara ya mtu. Lakini wizi ukitokea, video inayorushwa kwenye grupu la WhatsApp la mtaa ni ile ile kila siku: mtu mwenye kofia, amepigwa kutokea juu kama kifaranga anayetazamwa na mwewe, na chini yake maneno "anayemfahamu atoe taarifa". Amfahamu nani? Mama yake mzazi mwenyewe angeomba aonyeshwe tena.

Nasema wazi: sisi tunanunua idadi, na idadi haikamati mtu. Kinachokamata mtu ni sura moja iliyo safi. Kamera moja iliyofungwa mahali ambapo kila anayeingia hana budi kupita, ikimtazama usoni badala ya utosini, naithamini kuliko nane zilizotundikwa kwenye kona za paa.

Jambo hili lina hesabu yake, wala si ngumu. Kuna kiwango cha Ulaya cha mifumo ya kamera, EN 62676-4, toleo la 2015, kinachopima pikseli ngapi, yaani zile nukta ndogo zinazounda picha, zinaangukia kila mita moja ya upana wa eneo linaloonekana. Ili mtu usiyemjua kabisa atambulike bila ubishi, zinatakiwa 250. Kama ni mtu unayemfahamu tayari, kijana wa dukani au shamba boi wa zamani, 125 zinatosha. Kujua tu kwamba kuna mtu uani, 25. Sasa chukua kamera ya megapikseli 4, yenye pikseli 2,560 kwa upana. Gawanya kwa 250, unapata mita kumi na ushee. Lenzi ya milimita 2.8, ambayo ndiyo imejaa kwenye maboksi hayo, inaona pana sana, kama nyuzi 100, kwa hiyo huo upana wa mita kumi unaufikia ukiwa mita nne tu na kidogo mbele ya kamera. Mita nne! Pima kutoka barazani kwako hadi getini. Kamera ya barazani itakuonyesha geti zima, gari, mparachichi na kibaraza cha jirani, na katikati yake mwizi mwenye ukubwa wa njiti ya kiberiti. Weka lenzi ya milimita 6 kwenye kamera yenye pikseli zile zile, na umbali huo unafika kama mita kumi. Utapoteza mparachichi. Mparachichi haujawahi kuiba.

Muuzaji akisikia malalamiko hayo atakuambia chukua za megapikseli 8. Mchana hana kosa. Shida ni usiku, na wageni wetu wanakuja usiku. Pikseli nyingi zikibanwa kwenye kitambuzi kidogo, kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera, kila moja inapata mwanga kiduchu, na picha inakuja na chengachenga. Megapikseli 4 kwenye kitambuzi kikubwa, tuseme cha inchi 1/1.8, mara nyingi zitashinda megapikseli 8 kwenye kitambuzi cha inchi 1/2.8. Maelezo haya yameandikwa kwa herufi ndogo ubavuni mwa boksi. Yasome kabla ya kutoa hela, na kama hayapo, hilo nalo ni jibu.

Halafu ingia kwenye mipangilio, kwa sababu mafundi wengi wakishaona picha kwenye TV wanakunja ngazi na kuaga. Kasi ya shata, yaani kamera inafunguka na kufunga haraka kiasi gani kwa kila picha, ikiachwa ijipangie yenyewe gizani, inashuka mpaka kamera inahitaji sehemu kubwa ya sekunde kukusanya mwanga. Ukuta unatoka vizuri kwa kuwa ukuta hautembei. Mtu anayetembea anakuwa ukungu mrefu. Funga shata isiwe ya polepole kuliko 1/60 ya sekunde, picha itakuwa na giza kidogo lakini uso utakaa uso. Na hilo giza dawa yake ni taa. Balbu ya getini inayowaka mtu akisogea itakusaidia kuliko kupanda daraja la kamera, maana inakupa rangi. Mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho ambao kamera huutoa gizani, hauna rangi, tena unadanganya: koti jeusi la nailoni linaweza kutoka jeupe pe, na wewe ukaenda kituoni kuandikisha kwamba mwizi alivaa nguo nyeupe. Infraredi hiyo hiyo inaalika wadudu, wadudu wanaalika buibui, na utando mmoja mbele ya lenzi ukimulikwa usiku unafunika picha yote. Fagio laini kila wiki. Hakuna kifaa cha kisasa kinachozidi fagio hapo.

Namba za gari nazo watu wanadhani zitajitokeza zenyewe. Kibao kinaakisi mwanga, kwa hiyo infraredi ikikipiga kinageuka mraba mweupe usio na herufi, na taa za gari zinamalizia kilichobaki. Ukitaka namba, tenga kamera ya kazi hiyo tu, lenzi ndefu, shata 1/500 au ya haraka zaidi, na usiitarajie ikupe kingine chochote. Bodaboda namba yake iko nyuma, basi kamera itazame zinakoelekea wala si zinakotoka. Si jambo dogo. Mohammed Dewji alipotekwa Dar es Salaam Oktoba 2018, walichokuja kukionyesha polisi mbele ya waandishi wa habari ilikuwa picha ya gari.

Swali la kutisha wezi linajibiwa haraka kuliko watu wanavyopenda. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani na Uingereza walichapisha mapitio ya miaka 40 ya tafiti za kamera. Wastani wa kupungua kwa uhalifu ulikuwa asilimia 13, nafuu kubwa ikionekana kwenye maegesho ya magari, na makosa ya ukatili hayakuonyesha mabadiliko ya kueleweka. Pale ambapo kulikuwa na mtu anayezitazama, matokeo yalikuwa bora. Tafiti nyingi zilikuwa za miji ya kule, za kamera za umma, na Arusha ina mambo yake, lakini mantiki naiona hapa hapa: kamera inamtisha mtu mwenye nafasi ya kufikiri. Anayekuja kufungua taa za gari anafikiri. Mlevi mwenye chupa hafikiri. Na zile kamera bandia zenye kitaa chekundu kinachopepesa, jamani, machalii wote wa mjini wanajua kwamba kamera ya kweli haina haja ya kukukonyeza.

Tuje kwenye rekoda, lile boksi linalotunza video. Jamaa yangu mwenye duka la vipuri Mbauda aliingiliwa kwa juu, wakang'oa bati mbili. Kamera zake zilikuwa nzuri kweli, na ziliwarekodi wote vizuri. Rekoda ilikuwa chini ya TV kaunta, inawaka taa ya buluu, wakaondoka nayo. Tangu hapo nikiingia kwenye duka la mtu macho yangu yanatafuta rekoda kabla ya bidhaa, na karibu kila mara naiona. Iweke stoo ndani ya kabati la chuma lililofungwa ukutani, lenye matundu ya hewa. Kama una intaneti ya kuaminika, kamera ya mlangoni itume vipande vya matukio nje ya jengo. Usitume kamera zote, bando litakulilia.

Diski pia ina hesabu. Kamera moja ya megapikseli 4 ikirekodi mfululizo kwa megabiti 4 kwa sekunde inakula karibu gigabaiti 43 kwa siku. Nane zinakula 345. Diski ya terabaiti 2 inajaa kabla ya wiki kwisha, kisha inaanza kujifuta mwanzo. Mwenye ghala anayegundua upungufu wakati wa kuhesabu stoku mwisho wa mwezi amechelewa mno. Hapa tena kamera chache zinakulipa: nne kwenye diski ya terabaiti 4 zinakupa zaidi ya siku ishirini.

Umeme sina haja ya kuueleza kwa mtu wa Arusha. Lakini fikiria mita ya Luku na swichi kubwa viko wapi. Kwa wengi wetu viko nje, ukutani, mahali mwizi anavifikia kabla hajagusa kitasa. UPS ndogo, ile betri ya dharura ya kompyuta, itakuvusha dakika chache tu. Mfumo wa kamera nne na rekoda unakula kama wati 40, na betri ya sola ya volti 12 na Ah 100, hata ukitumia nusu yake tu, inaubeba usiku mzima. Na waya uwe wa shaba tupu. Ule wa bei rahisi ni alumini iliyopakwa shaba. Unapoteza umeme njiani, na kamera ya mbali inazimika usiku pale pale infraredi inapowaka. Fundi atasema kamera ni mbovu.

Saa ya rekoda nayo. Vifaa vingi vinatoka China, na vingine vinabaki na saa za Beijing, tano mbele yetu. Wizi wa saa nane usiku utaandikwa umetokea saa moja asubuhi, watoto wakienda shule, na wakili wa utetezi atakushukuru. Weka GMT+3, iruhusu ijirekebishe kwa intaneti, na ukague kila mwezi. Ukiwa humo humo badilisha nenosiri la kiwandani. Mwaka 2016 programu mbaya iitwayo Mirai iliteka kamera na rekoda duniani kote kwa kujaribu tu manenosiri ya kiwandani, na Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn hadi Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi Marekani kwa saa kadhaa. Admin na 12345 si nenosiri. Na fundi akishamaliza, yeye pia asibaki na la kwako.

Ninachokipenda kuliko yote ni jaribio la usiku, na hakuna anayelifanya. Mwambie mlinzi au mdogo wako avae kofia na koti, atoke getini hadi mlangoni kwa mwendo wa kawaida, taa zikiwa kama zinavyokuwa saa nane usiku. Kisha fungua rekodi kwenye rekoda yenyewe. Usitazame kwenye simu, maana simu mara nyingi inaonyeshwa picha nyepesi iliyopunguzwa ili iende haraka, na hapo unahukumu kitu kingine. Simamisha picha. Kama humtambui mtu uliyemtuma mwenyewe, basi kamera ishushwe, mpaka mita mbili na nusu hivi, au isogezwe. Ukiogopa ataivunja, nyingine iwe juu ikiitazama ya chini. Fundi asilipwe salio kabla ya jaribio hili. Mimi hapo huwa mkali.

Tena tuseme ukweli kuhusu wizi wa maduka na maghala: mwingi haupandi ukuta. Unaingia asubuhi, unasalimia, unapewa chai. Kwa huo, kamera ya mlango wa stoo na ya kaunta zina kazi kuliko za nje. Ila kuna mipaka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaihesabu picha ya mtu kuwa taarifa yake. Wafanyakazi wajue wanarekodiwa na kwa nini. Nimesikia mtu anajisifu ameweka kamera chumba anacholala dada wa kazi. Huyo simwiti mlinzi wa mali, na sitaki hata anieleze sababu.

Likitokea la kutokea, usipige video ya TV kwa simu ukairusha. WhatsApp inaikamua picha mpaka inabaki uji. Toa faili lenyewe kwenye flashi, dakika kadhaa kabla na baada ya tukio, nakala mbili, na uandike nani alilitoa, lini, kwenye rekoda ipi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitaka mahakama iangalie kumbukumbu ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa, na kama haijachezewa. Mpelelezi akikuta mambo hayo tayari, jalada lako lina pa kuanzia. Na kabla hujamrusha mtu mtandaoni ukimwita mwizi, kumbuka ule ukungu wa kofia unafanana na vijana wengi wasio na hatia, na mjini hapa kelele ya "mwizi" haichelewi kupata mawe.

Nina pendekezo ambalo majirani zangu hawajalikubali. Uchochoro wetu una mdomo mmoja. Nyumba kumi na nne, kila moja na kamera zake zinazotazama uani, na hakuna hata moja inayotazama pale ambapo kila mtu anapita. Nusu ya hela hiyo ingetosha kamera mbili za maana pale mwanzoni, moja ya sura, moja ya namba za bodaboda, na taa nzuri juu yake. Kila mtu ameitikia kwa kichwa. Tunapokwama ni rekoda ikae kwa nani. Mzee mmoja anataka ikae kwa mwenyekiti wa mtaa, kijana wa duka la kona anasema kwake kuna intaneti. Mimi nasema isikae kwa yeyote anayependa sana kujua nani amerudi saa ngapi na nani, funguo ziwe mbili kwa watu wawili tofauti, na kabati lisifunguliwe bila namba ya RB, ile unayopewa ukiandikisha taarifa polisi. Kikao kijacho ni Jumapili.