Namba Hii Imeniudhi

4,294,967,297. Isomeni wenyewe: bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, laki tisa na elfu sitini na saba, mia mbili tisini na saba. Pumzi imekata na hesabu haijaanza.

Ukiitazama usoni unasema hii ni namba tasa, isiyogawika ila kwa 1 na kwa yenyewe, haina makuu. Si shufwa. Haiishii na 5. Jumlisha tarakimu zake zote upate 59, basi hata 3 haiingii. Igawe kwa 7, inabaki 5. Kwa 11, inabaki 5 tena, inanikejeli! Kwa 13 inabaki 10, kwa 17 inabaki 2. Karatasi imejaa, kikokotoo cha simu kinapata moto, na mama watoto anauliza kama hiyo namba inatudai.

Chanzo cha balaa ni Mfaransa mmoja, Pierre de Fermat. Mwanasheria! Ana kesi zake, lakini akitoka huko anachokonoa namba. Akachukua 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, akaongeza 1 kila mara: 3, 5, 17, 257, 65,537. Zote tasa. Basi akaamini zote zinazofuata nazo ni tasa. Inayofuata, ya kipeo cha 32, ndiyo hii mbaya wangu.

Mwaka 1732 mwanahisabati Mswisi, Leonhard Euler, akaiumbua: 641 mara 6,700,417. Jamani, 641! Namba isiyo na cheo. Na Euler huyohuyo akaja kuthibitisha kwamba kila namba tasa inayoigawa lazima iwe 64 mara kitu fulani, ongeza 1. Kwa hiyo unajaribu 193, 257, 449, 577, ya tano ni 641, kazi imekwisha. Asiye na siri hiyo apite kwanza kwenye namba tasa 115! Na ingekuwa tasa kweli, ungezisaga zote zilizo chini ya 65,536, nazo ni 6,542.

Kinachoniuma zaidi ni jirani yake. Punguza 2 tu, upate 4,294,967,295, nayo ni 3 mara 5 mara 17 mara 257 mara 65,537. Zilezile tano za Fermat, zimejipanga bila kuulizwa! Ndiyo maana ukiigawa ile yangu kwa yoyote kati ya hizo tano inabaki 2. Yaani nilikuwa nachezewa.

Tangu hapo hajapatikana tasa wa sita katika ukoo huo. Ipo ya 21, yenye tarakimu 315,653: imethibitishwa kuwa si tasa, ila kigawo chake hata kimoja hakijaonekana. Wataalamu na mitambo yao wanaikodolea macho, hakuna anayewagombeza. Mimi na tarakimu zangu kumi naambiwa nizime taa!