Ushuru wa China kwa Australia: nani hasa aliulipa?

Tangu China iondoe zuio la kambakoche wa Australia mwishoni mwa 2024, wachambuzi wengi wanafunga hesabu hivi: Canberra ilikataa kutishwa, Beijing ikarudi nyuma, uchumi haukutikisika. Mengi katika hayo ni kweli. Lakini waliotaka lugha ya taratibu tangu Aprili 2020, serikali ya waziri mkuu wa wakati huo, Scott Morrison, ilipodai uchunguzi huru kuhusu chanzo cha Uviko na China ikaanza kubana bidhaa za Australia, wamebandikwa jina la waoga waliotanguliza pesa. Hoja yao haijasikilizwa vya kutosha.

Upande wa serikali una uzito wake. Novemba 2020 ubalozi wa China uliwapa waandishi wa habari orodha ya malalamiko 14, yakiwemo ya habari zinazoandikwa na magazeti ya Australia. Serikali iliyochaguliwa na wananchi haiwezi kukubali hayo ili iuze mizigo. Tena China yenyewe ilikuwa imebanwa: takriban asilimia 60 ya madini ya chuma inayoagiza hutoka Australia. Madini hayo hayakuguswa, na mwaka 2021 bei yake ilivuka dola 200 za Marekani kwa tani.

Madini hayo ndiyo yaliyopamba takwimu za taifa, na nyuma yake wapo watu waliobeba mzigo peke yao. Shayiri ilitozwa ushuru wa asilimia 80.5 Mei 2020, lakini ni zao la msimu. Iliyokuwepo ilipelekwa Saudi Arabia kulisha mifugo, kwa bei ya chini kuliko ya shayiri ya kutengenezea bia, na msimu uliofuata mkulima aliweza kupanda ngano au kanola, zao la mafuta. Makaa ya mawe, ambayo nayo China iliyazuia, yalipata wanunuzi India na Japani.

Mvinyo hauna njia hiyo. Machi 2021 China ilithibitisha ushuru wa kati ya asilimia 116.2 na 218.4, kwa miaka mitano. Kwa kiwango cha juu kabisa, chupa ya dola 10 ikawa dola 31.84 kabla ya kodi nyingine, na soko lililokuwa na thamani ya zaidi ya dola bilioni 1 za Australia kwa mwaka likafa. Mzabibu huchukua miaka kama mitatu kuanza kuzaa, kisha huzaa kwa miongo kadhaa. Waliopanda Shiraz, aina ya zabibu nyekundu, kwa ajili ya wanywaji wa mvinyo mwekundu hawakuweza kuigeuza kuwa zabibu nyeupe bila kukata mashina na kupandikiza upya, na hapo hukosa mavuno tena. Mvinyo usiouzwa hukaa kwenye matangi, na matangi lazima yawe na nafasi kabla ya mavuno ya Februari hadi Aprili. Kufikia 2023 akiba ilizidi lita bilioni 2. Mvinyo wa daraja la juu uliokosa China ulishushwa bei na kusukuma nje ule wa kawaida, hivyo kipigo kikubwa kikawaangukia wakulima wa zabibu wa Riverland, katika jimbo la Australia Kusini, na bonde la mto Murray, ambao wengi wao hawakuwahi kuwa na mteja wa China. Zabibu zao nyekundu zilinunuliwa chini ya gharama ya kuzizalisha.

Ushuru uliondolewa Machi 2024, lakini wakati huo Wachina wenyewe walikuwa wamepunguza sana unywaji wa mvinyo. Kutafuta masoko mengine ni ushauri mzuri, ila tusome masharti yake. Mkataba wa biashara na India ulioanza Desemba 29, 2022 ulishusha ushuru wa India kwa mvinyo wa Australia kutoka asilimia 150 hadi 100 kwa chupa inayoingia kwa dola 5 za Marekani au zaidi, na hadi 75 kwa ile ya dola 15 au zaidi. Chini ya dola 5 hakuna nafuu yoyote, na mvinyo wa Riverland mwingi uko hapo.

Waliotaka upole hawakusema Australia isidai uchunguzi. Walitaka uandaliwe kwanza na mataifa mengine, kisha utangazwe kwa pamoja. Na kama serikali iliona lazima itangulie yenyewe, fedha za kuwasaidia wakulima kung'oa mizabibu zilipaswa kuwa kwenye bajeti ya 2021, kabla matangi hayajajaa.