Vilio vya Zaburi ya 84 vimekwenda wapi?

"Wakipita kati ya bonde la Vilio, hulifanya kuwa chemchemi." Ndivyo inavyosema Zaburi 84:6 katika Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, na ndivyo wengi wetu tulivyousikia mstari huu misibani. Tafsiri za baadaye zimeandika "Bonde la Baka" tu. Mtu akidhani amepunjwa, simlaumu.

Kiebrania kinasema emek habaka. Emek ni bonde, hilo halina ubishi. Ubishi uko kwenye herufi ya mwisho ya baka. Kitenzi cha kulia huishia na herufi he; jina la bonde hili linaishia na alefu. Kwa sikio ni kitu kimoja, kwa jicho ni viwili. Tena Biblia inapotaka kupaita mahali kwa kilio, inajua kufanya hivyo: Waamuzi 2:5 ina Bokimu, yaani waliao, na hapo hakuna alefu.

Hata hivyo, wanaotetea vilio hawakuanza jana. Wayahudi waliotafsiri Zaburi kwa Kigiriki kabla ya Kristo waliandika bonde la kilio. Kilatini kikafuata na bonde la machozi, na Mkatoliki anaposali Salamu Malkia kwa Kiswahili, "bondeni huku kwenye machozi", anaendeleza usomaji huohuo. Watafsiri wale wa kwanza walikijua Kiebrania, kwa hiyo huwezi kuwafuta kwa herufi moja.

Lakini fungua 2 Samweli 5:23-24. Daudi anaambiwa awazunguke Wafilisti, asubiri mbele ya miti fulani mpaka asikie sauti ya kwenda katika vilele vyake. Miti hiyo ni bekaimu, wingi wa baka, kwa alefu ileile. Union iliandika miforsadi, nami naona ni kubahatisha; wataalamu wengi huelekea kwenye mti wa utomvu, jamaa ya zeri. Vita vile vilikuwa Bonde la Warefai, karibu na Yerusalemu, mahali ambapo hujaji anayeimbwa na zaburi hii, wa kwenda Sayuni (yaani Yerusalemu), angeweza kupita. Mti, bonde, njia ya mahujaji: kwangu ushahidi huu una uzito kuliko ule wa sikio.

Kuna kitu kimoja kinachoharibu ushindi huo. Mti wa utomvu ukiuchanja hutoa matone, na wapo wanaosema ndiyo sababu ukaitwa baka: ni mti unaolia. Ikiwa ni hivyo, vilio vilikuwamo ndani ya jina tangu mwanzo.

Kwenye mihadhara ya dini utasikia na dai la tatu, kwamba Baka ni Bakka ya Qur'ani 3:96, yaani Makka. Si dai la kuchekwa: zaburi inazungumzia mahujaji, bonde kame na chemchemi, na msikilizaji Mwislamu hapo anaikumbuka Zamzam, chemchemi ya Makka. Linapokwama ni mstari wa 7, unaowafikisha wasafiri hao "katika Sayuni". Bonde liko njiani. Mwisho wa safari umetajwa kwa jina.

Basi ningeandika Baka kwenye mstari na vilio kwenye tanbihi. Kuandika Vilio peke yake kunamnyima msomaji mahali. Kuandika Baka bila neno kunamnyima mchezo wa maneno wa mtunzi. Na alikuwa akicheza kweli, kwani nusu ya pili ya mstari anarudia mtindo uleule. Union inasema mvua ya vuli "hulivika baraka". Neno lile, berakhot, ukibadili irabu moja tu linakuwa berekhot, madimbwi. Konsonanti ni zilezile, na irabu ziliwekwa na waandishi wa Kiyahudi karne nyingi baada ya Kristo. Mvua imenyesha kwenye bonde kavu, na neno moja linabeba baraka na maji yaliyotuama.