Kwetu Mvita, kwangu 60B

Juzi kwenye grupu letu la watu wa Mombasa jamaa mmoja kaandika ati huku ng'ambo mbunge akishindwa anampa mwenzake mkono na kwenda zake, kwetu ni mawe na kortini, watu wakamwekea vidole gumba weee. Sikumjibu pale sababu admini hataki siasa, na jibu langu refu. Mi naishi Minneapolis, Marekani, mtaa wa Cedar-Riverside, yale maghorofa yenye vibao vya rangi rangi ambayo watu hupita kwa treni wakipiga picha, na kwetu ni Kuze, Mji wa Kale, kwa hivo nina maeneo bunge mawili kichwani: Mvita nilikozaliwa na 60B ninakopiga kura sasa. Nimeyaona yote mawili yakimwangusha mkongwe. Na wallahi sikubali ati wa huku ni waungwana na sie ni washenzi.

60B ni nini kwanza. Si kiti cha Washington, ni cha bunge la jimbo la Minnesota lenyewe, liko St. Paul. Wabunge wa chini ni 134 na seneta 67, kila eneo la seneta limekatwa vipande viwili, A na B, ndo maana jina ni kama namba ya nyumba. Watu kama elfu 42 hivi kila kipande. Muhula ni miaka miwili tu, yaani hujamaliza kufagia karatasi za kampeni hii ingine imeanza. Ndani ya 60B kuna chuo kikuu chenyewe, kuna Marcy-Holmes na Como wanakokaa wanafunzi, kisha ng'ambo ya mto ndo sisi, na sisi hapa maanake hasa ni Wasomali, wengine tumejichomeka tu kwa sababu ya kodi na msikiti.

Sasa mkongwe wa huku alikuwa mama, Phyllis Kahn. Alichaguliwa 1972 akaapishwa 1973, mwaka ule ule haya maghorofa yetu yalipofunguliwa, nalipenda sana jambo hilo, yaani mama na jengo ni rika. Alikuwa mwanasayansi wa pale chuoni, na ile sheria ya 1975 ya kutenga wavuta sigara kwenye sehemu za watu wengi ni yake, Minnesota ilitangulia majimbo mengine. Namba ya eneo ilibadilika kila mipaka ikichorwa upya baada ya sensa, mpaka 2012 ilikuwa 59B kisha ikawa 60B, mama yuko pale pale. Mihula 22, miaka 44! Ukiwaambia watu wetu ati Marekani kuna mtu kakaa kiti kimoja miaka 44 hawaamini, wao wanajua kung'ang'ania ni ugonjwa wa Mwafrika.

Shariff Nassir sisi tulimhesabia 28 tu. Aliingia 1974, wakati huo eneo likiitwa Mombasa Central, kisha likawa Mvita, na alikuwa ndiye mwenyekiti wa Mombasa wa KANU, chama kilichotawala Kenya wakati huo, yaani huwezi kutaja mji bila kumtaja. Alipita kwenye ule mlolongo wa 1988 wa watu kupangwa foleni nyuma ya picha, akapita 1992 ambapo IPK, chama cha Waislamu, kilinyimwa usajili na Mombasa ikawaka moto, akapita 1997. Ami yangu alikuwa KANU damu damu, akivaa shati jekundu mpaka Idi. Disemba 2002 nilikuwa kijana mdogo nasomea Tononoka, nakumbuka ile usiku kwenye barza watu wamezunguka redio moja, kahawa tungu inapita, wazee wenye adabu zao wanapiga makofi kama watoto, Najib Balala wa NARC, muungano wa upinzani, kamwangusha mzee. Ami akazima taa akalala saa mbili. Asubuhi hakuenda markiti.

Nilipofika huku nilidhani hii hadithi ni ya kwetu pekee. Alafu ikaja Februari 2014. Huku kabla ya kura kuna mikutano ya chama mtaani, wanaita kokasi, unaenda ukumbini unakaa na majirani mnachagua wajumbe, na wajumbe ndo wataenda kumwidhinisha mgombea baadae. Mwaka ule Mohamud Noor, Msomali, alikuwa anamtaka kiti yule mama. Mi sikuwa na uraia bado, nilifuatana tu na jirani kwenda kutizama, pale Brian Coyle Center, hatua mbili kutoka kwangu. Sikuwahi kuona watu wengi hivo kwenye jumba la mpira wa kikapu. Hata kikao hakijaanza vizuri kelele, nani awe mwenyekiti, nani asajili watu, mara mtu kasukumwa, mara ngumi, polisi wakaingia, mkutano ukavunjwa. Mi nimesimama mlangoni na jaketi langu nikajiambia lo, kumbe nimerudi nyumbani! Baadhi ya watu walisema ati ni tabia ya Wasomali, mi nikasema hapana, hiyo ni tabia ya mchujo, yaani vita vya tiketi ndani ya chama. Mahali popote ambapo chama kimoja ndo kinashinda kila siku, vita vyote vinahamia ndani ya chama. Huku chama ni DFL, ndo tawi la Democratic kwa jina la Minnesota, tangu 1944 walipoungana na chama cha wakulima na wafanyakazi. Mgombea wa Republican katika 60B ni kama mgombea wa kujifurahisha. Na Mvita? Tangu 2007 aliye na tiketi ya chama cha ODM ndo anaingia, Balala 2007, Abdulswamad mwana wa Shariff Nassir 2013 na 2017, kisha Machele 2022 Abdulswamad alipokwenda kwa ugavana. Kwa hivo siku ya kura yenyewe, huku Novemba na kule Agosti, mara nyingi unaenda kuthibitisha kitu kilichokwisha amuliwa. Anayelala siku ya mchujo asilalamike.

Bas, 2014 mama akamshinda Noor. 2016 wakarudi, na safari hii watatu: Kahn, Noor, na Ilhan Omar. Huyu Ilhan mnamjua, wa Washington sasa, lakini wakati ule kwetu alikuwa binti wa mtaani tu, mkimbizi, familia yao ilikaa miaka minne kambini Kenya kabla ya kuja Marekani 1995. Husimulia kwamba alianzia siasa kwa kumtafsiria babu yake kwenye hizo hizo kokasi akiwa msichana. Kwenye mkutano wa chama hakuna aliyefikisha asilimia 60 inayotakiwa kuidhinishwa, kwa hivo wote wakaenda kwenye mchujo wa tarehe 9 Agosti. Hesabu za barza letu la huku, yaani ile mikahawa ya chai ya Kisomali, zilikuwa moja: Wasomali wawili watagawana kura, mama wa kizungu atapita katikati kama 2014. Tulikuwa tumeiona Mombasa mara mia hiyo, Waswahili wawili, Mijikenda wawili, mtu wa tatu anachukua.

Mi nilikuwa na uraia wa miezi, kura yangu ya kwanza katika maisha, ndio, ya kwanza, kwetu niliondoka bila kuipiga hata moja. Niliingia nikiwa na pasipoti na bili ya stima na moyo unadunda, karani bibi mmoja mzungu akanitizama akaniambia kama sijajiandikisha jiandikishe hapa hapa. Hapa hapa? Leo? Minnesota wana hiyo tangu 1974, unajiandikisha siku ya kura, tena kama huna karatasi ya kuonyesha unakokaa jirani yako aliyesajiliwa anaweza kukuapia kwamba ndio huyu ni wa mtaa huu, mtu mmoja anaweza kuapia mpaka wanane. Wanane! Kwetu hii ingekuwa biashara kabla ya adhuhuri, msinidanganye. Hakuna wino kidoleni, unapewa stika nyekundu ya kubandika kifuani. Nilitafuta wino kwa macho mpaka nikaona aibu.

Usiku matokeo: Ilhan kama asilimia 41, Noor na Kahn wakagawana zilizobaki, 29 na 29 na vipointi, mama akawa wa tatu. Miaka 79 alikuwa nayo. Na ile hesabu ya kugawana kura ilivunjikia hapo, sababu Ilhan hakusimama kwa Wasomali peke yao, alikwenda kwa wanafunzi wa Marcy-Holmes na Como, watoto wa kizungu na baiskeli zao, akawatoa nyumbani mwezi wa Agosti chuo kimefungwa. Jumla ya kura zote hazikufika elfu sita. Yeye alipata kama elfu mbili na mia nne, na kwa hizo akaenda bunge la jimbo, miaka miwili baadae Congress, na Noor mvumilivu akakipata kiti 2018 anacho mpaka leo.

Sasa nije kwa yule jamaa wa grupu. Ni kweli mama aliondoka bila mawe. Lakini uliza alikuwa anaondoka kwenye nini. Mshahara wa mbunge wa jimbo wakati ule ulikuwa dola elfu 31 na kitu kwa mwaka, ulikuja kupanda ukafika elfu 45 mwaka uliofuata, mi mwenyewe nikifanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee na ovataimu nilikuwa nampita, nacheka nikifikiria. Hana gari la serikali, hana mlinzi, na kubwa zaidi hana hela ya kugawa. Hakuna basari ofisini kwake, hakuna darasa litakalopakwa jina lake, barabara ya 60B ikichimbika unapigia mji. Mbunge wetu kwa mwezi ni zaidi ya laki saba za shilingi, na tangu 2003 kuna CDF, hela ya serikali ya maendeleo ya kila eneo bunge, kwa hivo karo ya mtoto wa jirani yako, kisima, choo cha shule, vyote vinapitia mkononi mwa mtu mmoja au watu aliowateua. Mamangu ana jirani ambaye kila Januari anapanga foleni ya fomu ya basari kama watu wapangavyo foleni ya mafuta ya taa zamani. Mwanamke huyo uchaguzi kwake si maoni, ni karo. Ukimwambia akubali matokeo kwa tabasamu atakuona huna akili. Chukua ile hela yote umwekee Phyllis Kahn mikononi miaka 44, alafu tuone kama angeondoka kimya kimya na kama watu wake wangemwachia. Naona ngumi zingezidi zile za Brian Coyle.

Najua kuna watakaosema CDF imesomesha watu. Imesomesha, nina binamu kapita nayo. Ndo maana nasema kiti ni kizito, sisemi ni kibaya.

Na wa huku wakikaribia kitu chenye uzito wa kweli na wao huanza. Uchaguzi wa 2024 lile bunge la chini la jimbo lilitoka 67 kwa 67, Democratic na Republican sare kabisa, mara kila kiti kikawa dhahabu. Kuna eneo 54A kule Shakopee mshindi alipita kwa kura zisizofika ishirini, na kura ishirini zilipotea zikaaminika zimetupwa na takataka, kesi ikaenda mpaka jaji akaamua ushindi unasimama. Januari 2025 Democratic wakasusia bunge wiki kadhaa. Wakaenda Mahakama ya Juu ya jimbo. Mi nikawa naangalia simu nikasema hizi ni habari za NTV ya kwetu au za hapa?

Kitu kimoja nakionea wivu lakini. Tarehe 9 Agosti 2022, siku moja, Kenya ilikuwa inapiga kura kuu na Minnesota mchujo wake, sababu wote wamechagua Jumanne ya pili ya Agosti, sijui nani kamfuata nani. Asubuhi nikaenda kupiga ya huku dakika saba nimemaliza. Ya kwetu sikupiga, vituo vya Marekani vilikuwa miji michache ya mbali, na hata ningepanda ndege ningepewa karatasi ya rais peke yake, Mvita hainihusu tena kikaratasi. Na Mombasa siku ile hata gavana hawakumchagua, karatasi zilikuja na picha zisizo zao, ikapelekwa mpaka tarehe 29. Mamangu alisimama kwenye foleni Kuze tangu alfajiri, miguu imevimba, akaambiwa ya gavana rudi siku ingine, akarudi. Nikilinganisha dakika zangu saba na ile miguu yake naona haya.

Kuangalia ile miguu nilimpigia video, na wakati tunaongea mlango ukagongwa, vijana wawili wa kampeni, wenye fulana na tableti zao, wananiuliza kama nimeshapiga kura. Wakaniachia kipeperushi wakaenda zao.

"Ni kina nani hao?" mamangu akauliza.

"Watu wa mheshimiwa wetu."

"Wamekuletea nini?"

"Karatasi, mama."

"Karatasi na nini?"

"Karatasi tu."

Akanyamaza kidogo, nikadhani mtandao umekatika. "Na wewe umempa kura?"

"Nimempa."

"Subhanallah," akasema, kisha akamwita jirani yake aje kunitizama.