Saa Tisa Unusu Alasiri: Vyama vya Wanafunzi katika Shule za Kutwa za Mashambani

Mnamo Machi 24, 2019, jijini Dubai, mwalimu wa hisabati na fizikia kutoka kijiji cha Pwani, eneo la Njoro katika Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani na kutunukiwa dola milioni moja za Marekani. Peter Tabichi, ambaye pia ni mtawa wa shirika la Wafransisko, alikuwa akifundisha katika Shule ya Upili ya Kutwa ya Keriko, shule ya wavulana na wasichana iliyokuwa na kompyuta moja ya mezani, intaneti ya kubahatisha na mwalimu mmoja kwa kila wanafunzi 58. Maelezo yaliyotolewa wakati wa tuzo hiyo hayakuishia kwenye ufundishaji wa darasani. Yalizungumzia kwa upana chama cha kukuza vipaji, chama cha amani na kundi la wanasayansi chipukizi waliotengeneza kifaa cha kuwawezesha vipofu na viziwi kupima vitu, kifaa kilichoipa Keriko nafasi ya kwanza kitaifa miongoni mwa shule za umma katika maonyesho ya sayansi na uhandisi ya mwaka 2018. Wanafunzi wengine wa shule hiyo walituzwa na Jumuiya ya Kifalme ya Kemia ya Uingereza kwa kuzalisha umeme kutokana na mimea ya kwao, na kundi la hisabati na sayansi likafuzu kwenda Arizona, Marekani, kwa mashindano ya kimataifa ya mwaka 2019.

Tangu hapo, kila mjadala unapozuka kuhusu nafasi ya shughuli za nje ya darasa katika shule za mashambani, jina la Keriko halikosi kutajwa. Wanaozitetea shughuli hizo huitumia kama ushahidi wa mwisho: ikiwa shule yenye kompyuta moja imefika Arizona, shule nyingine ina kisingizio gani? Wanaozitilia shaka hujibu kwamba Keriko ni bahati ya kumpata mtu mmoja aliyekuwa akitoa asilimia 80 ya mshahara wake kwa wahitaji, na kwamba sera ya elimu haijengwi juu ya utawa wa mtu. Pande zote mbili zina hoja. Hata hivyo, naona kwamba zote zinabishana juu ya swali moja tu, yaani kama vyama vinasaidia au vinadhuru masomo, na kuliacha pembeni swali ambalo katika shule ya kutwa ndilo zito zaidi: ni mwanafunzi yupi hasa anayeweza kubaki shuleni kengele ya mwisho ikishalia?

Tuanze na wanaotilia shaka, kwa sababu hoja yao hudharauliwa haraka mno na watu ambao watoto wao hawasomi katika shule hizo. Mzazi anayeuza mbuzi ili kumnunulia mtoto sare na kulipia chakula cha mchana anajua kwamba mlango wa chuo kikuu una kufuli moja, nayo ni alama ya C+ katika KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Tuzo ya ngonjera haifungui kufuli hiyo, wala kombe la voliboli. Mgao wa serikali kwa mwanafunzi wa shule ya kutwa, uliowekwa kuwa shilingi 22,244 kwa mwaka, mara nyingi huchelewa kufika, na mwalimu mkuu mwenye deni la mahindi na maharagwe hana budi kuchagua kati ya kumlipa mwenye duka na kukodi matatu ya kupeleka wanafunzi wawili na mwalimu mlezi kwenye maonyesho ya kaunti. Wanafunzi hao wakishinda huko, gharama inaongezeka, maana kuna ngazi ya eneo na hatimaye ya taifa. Ushindi wa namna hii hugeuka mzigo, na nimewasikia walimu wakisema kwa mzaha usio mzaha kwamba heri kushika nafasi ya tano. Isitoshe, mwalimu mlezi wa chama cha sayansi ndiye huyo huyo mwalimu pekee wa fizikia, na siku tatu anazokuwa safarini na wanafunzi wawili ni siku tatu ambazo shule nzima haina somo lake.

Wanaovitetea vyama nao wanaanza na mtihani huo huo, ila wanausoma kuanzia chini. Katika KCSE ya mwaka 2023, watahiniwa 201,133 kati ya 899,453 walipata C+ au zaidi, maana yake ni kwamba karibu wanne katika kila watano hawakuifikia alama hiyo. Shule inayojipanga kwa ajili ya mmoja tu imewasahau wanne, na katika shule za kutwa za mashambani, ambazo hupokea wanafunzi waliokosa nafasi katika shule za kitaifa na za kaunti, uwiano huwa mbaya zaidi. Wanne hao watarudi kijijini kuwa wakulima, mafundi, waendeshaji bodaboda, wazazi na wanachama wa kamati za maji. Kujua kuendesha kikao, kuandika kumbukumbu, kupima kitu mara tatu kabla ya kukiamini na kupinga hoja ya mtu bila kumtukana ni mambo watakayoyatumia muda mrefu baada ya kusahau kanuni ya sini na kosini. Hata mtaala wa umilisi, ambao wanafunzi wake wa kwanza waliingia Gredi ya Saba Januari 2023, umejengwa juu ya dhana kwamba kutenda ni sehemu ya kusoma, na umeipa sanaa na michezo mkondo wake kamili katika shule za sekondari ya juu.

Takwimu za Keriko zenyewe zinaweza kusomwa kwa njia mbili. Iliripotiwa kwamba idadi ya wanafunzi iliongezeka maradufu hadi 400 katika miaka mitatu, na kwamba mwaka 2017 wanafunzi 16 kati ya 59 waliendelea na vyuo, kisha mwaka 2018 wakafika 26. Anayetaka kusifu atasema, na kwa haki, kwamba hayo ni maendeleo makubwa mahali ambapo wanafunzi wengi mno walitoka katika familia maskini. Mwenye shaka atatoa 16 katika 59 na kuuliza habari za wale 43. Binafsi, tarakimu inayonigusa zaidi haihusu chuo wala Arizona: visa vya utovu wa nidhamu vilishuka kutoka 30 kwa wiki hadi vitatu. Haiwezekani kupata badiliko la kiasi hicho kwa kuwashughulikia wanafunzi kumi wenye vipaji. Lazima jambo fulani liwe limewafikia wengi.

Hapo ndipo lile swali la nani anayeweza kubaki linapoanza kuuma. Kanuni za elimu ya msingi za mwaka 2015 zinaelekeza kwamba katika shule ya kutwa masomo yaendeshwe kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa unusu alasiri, kisha shughuli nyingine zifuate hadi saa kumi na moja kasorobo. Kwenye karatasi mpango huu hauna kasoro. Lakini maelezo ya tuzo ya Keriko yenyewe yalisema kwamba baadhi ya wanafunzi walitembea kilomita saba kufika shuleni, kwa njia ambazo hazipitiki msimu wa mvua. Kilomita saba kwa mguu, ukiwa na mkoba wa vitabu, ni mwendo wa saa moja na nusu hivi njia ikiwa kavu. Anayeondoka saa kumi na moja kasorobo atafika kwao saa kumi na mbili na robo, wakati jua la ukanda wa ikweta linakaribia kuzama, na giza la kwetu halina subira. Mvua ikinyesha, ongeza nusu saa, na hapo bado hatujataja kuni, maji na mdogo wake anayesubiri kuogeshwa. Mwanafunzi anayeishi sokoni, hatua mia mbili kutoka lango la shule, halipii chochote kwa ajili ya chama. Wa kilomita saba hukilipia kwa usalama wake, na akiwa msichana bei hupanda.

Miaka michache iliyopita nilifika katika shule moja ya kutwa, ambayo sitaitaja, kuona kazi ya chama chake cha sayansi. Wanafunzi walikuwa wametengeneza kiangulio cha mayai kwa katoni mbili, moja ndani ya nyingine, na katikati wakajaza maranda ya mbao ili kuhifadhi joto. Kwa kuwa darasa lile halikuwa na umeme, joto lilitoka kwenye kandili, na kipimajoto kilining'inia kwa uzi kwenye tundu lililokatwa kwa wembe. Chini ya mayai palikuwa na sufuria ndogo ya maji. Nilipouliza maji yale ni ya nini, wanafunzi wanne waliokuwapo walitazamana, kisha mmoja akasema kwamba hilo lilikuwa wazo la msichana fulani wa Kidato cha Pili. Msichana huyo alikuwa tayari amevuka lango, viatu mkononi, maana mbingu zilikuwa zimeanza kufunga. Mwalimu alimwita arudi kidogo aeleze. Alirudi hadi mlangoni, akaeleza kwa sentensi mbili kwamba mama yake hunyunyizia mayai maji siku za mwisho kuku anapoatamia, la sivyo ganda hukauka na kifaranga hushindwa kulipasua. Halafu akauliza, kwa adabu kabisa, "Mwalimu, mto ukijaa nitalala wapi?" Akaruhusiwa.

Katika maonyesho ya kaunti ndogo, ambako kila mradi huwasilishwa na wanafunzi wasiozidi wawili, walisimama wavulana wawili wa sokoni, kwa sababu wao ndio walioweza kuhudhuria mazoezi ya jioni. Nilielezwa baadaye kwamba jaji aliwauliza kuhusu sufuria ile nao wakajibu kwamba ni ya kuzuia moto. Mradi haukuendelea mbele. Sisemi hivyo kuwalaumu wavulana hao, ambao walikuwa wamegeuza mayai yale kwa zamu bila kukosa hata siku moja. Ninachosema ni kwamba shule ilikuwa na mwanasayansi na haikuweza kumtumia, na sababu yake haikuwa ukosefu wa maabara.

Mtu anaweza kupendekeza mabweni, na historia inampa nguvu. Shule ya St. Patrick's ya Iten, ambako Bruda Colm O'Connell kutoka Ireland alifika mwaka 1976, nayo ni shule ya mashambani, na kutoka humo alitoka Peter Rono, bingwa wa mbio za mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Ni shule ya bweni, na bweni huondoa safari ya jioni na kumpa kila mwanafunzi saa zile zile. Lakini bweni lina karo, na karo ndiyo iliyomfanya mwanafunzi wa Keriko asome Keriko. Kumwambia mzazi wa shule ya kutwa kwamba dawa ya umbali ni bweni ni sawa na kumwambia mwenye njaa kwamba hotelini kuna pilau.

Njia iliyo karibu zaidi ni kuingiza shughuli za vyama ndani ya saa za masomo, angalau kipindi kimoja kirefu kwa wiki, baada ya chakula cha mchana, wakati shule nzima bado ipo. Nililitoa wazo hili kwa naibu mwalimu mkuu wa shule ile ya kiangulio, naye hakulikataa wala hakulikubali. Alichukua ratiba ukutani, akaweka kidole kwenye Jumatano alasiri, akasema, "Hapa nina hisabati mbili na Kiingereza. Niondoe kipi, na nimweleze nini mzazi alama zikishuka?" Swali lake ni la haki. Kipindi kimoja kwa wiki katika mwaka wa shule si kitu kidogo kwa mtoto anayepigania kutoka D kwenda C. Wapo watakaosema kwamba wanafunzi watachangamka na alama zitapanda, na huenda ikawa hivyo, lakini nisingependa vyama vitetewe kwa ahadi hiyo peke yake, kwa sababu alama zisipopanda muhula wa kwanza, vitafutwa muhula wa pili.

Jibu ninaloliona ni kubadilisha kinachohesabiwa. Kwa sasa mkaguzi au mfadhili akifika shuleni huonyeshwa kabati la vikombe. Kikombe hueleza habari za wanafunzi wawili, pengine kumi na mmoja ikiwa ni mpira. Kama shule ingetakiwa pia kuonyesha daftari la mahudhurio ya vyama, likiwa na jina la mwanafunzi na kijiji anachotoka, ukweli ungejitokeza katika ukurasa wa kwanza: vijiji vilivyo ng'ambo ya mto havimo. Mwalimu mkuu anayeliona hilo ana mambo kadhaa anayoweza kuyafanya kwa gharama ndogo, kama vile kuhamishia mazoezi ya mdahalo saa ya mapumziko ya mchana, au kuruhusu makundi ya chama yakutane Jumamosi huko huko vijijini chini ya mwalimu anayeishi upande huo. Hata Keriko, Tabichi na wenzake wanne waliwafundisha wanafunzi waliobaki nyuma nje ya vipindi na mwishoni mwa wiki, na waliwatembelea majumbani. Sehemu hiyo ya habari yao, mwalimu kuitembea njia ambayo kwa kawaida mwanafunzi huitembea, haikupigwa picha nyingi kama ile ya jukwaani Dubai.

Vivyo hivyo kwa chama cha amani. Eneo la Nakuru liliumizwa vibaya na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na shuleni Keriko wanafunzi walitoka katika jamii saba. Chama hicho kilipanda miti, kikaandaa midahalo na michezo. Hakina kikombe, na hakuna mashindano ya kitaifa ya kutopigana. Mantiki yake haikuruhusu kiwe cha wachache, kwani chama cha amani chenye wanafunzi wa kijiji kimoja kinakuwa ni jamii moja imeketi peke yake. Kilihitaji wa mbali kuliko kilivyowahitaji wa karibu.

Nilirudi katika shule ile muhula uliofuata. Katoni zilikuwa bado kwenye kona ya darasa, maranda yamemwagika. Yule msichana sikumwona, kwa kuwa nilifika saa kumi.