Gemu la Kaka, Bando la Mama

Mei 2020, korona ikiwa imefunga vyuo, Epic, duka la gemu za kompyuta mtandaoni, waligawa gemu la GTA V bure kwa wiki moja. Nikaichukua. Kaka yangu, ambaye ya kwake aliinunua Steam, duka jingine la gemu, kwa hela yake halali, akanicheka hadi akakaa chini. "Utaishusha kwa nini? Ile ina zaidi ya GB 90." Haki yake. Intaneti ya kwetu Mbagala ni hotspoti ya simu ya mama, na bando la mama ni la kuuzia vitenge WhatsApp.

Juni vyuo vikafunguliwa, kaka akarudi Dodoma. Kabla ya kwenda kupanda basi akajitoa kwenye akaunti yake, hakusahau hata kidogo. Ikawa GTA nzima imelala ndani ya kompyuta ya nyumbani, nami naitazama kama paka nje ya bucha lililofungwa.

Fundi wa mtaani ndiye aliyenifumbua macho. Gemu ni lile lile, akasema, milango tu ndiyo miwili. Anza kulishusha kule Epic, likifika asilimia moja simamisha. Chukua faili za Steam, zibandike kwenye folda ya Epic, kisha endelea. Epic itakagua, ikikuta vitu vipo itashusha vilivyopungua tu. Maelezo yake yalikuwa sahihi. Nayasema haya kwa sababu jioni yake nilimtukana sana.

Jumamosi asubuhi nikaingia kazini. Sikuwa na subira ya kungoja nakala, kwa hiyo sikunakili, nilikata. Nikabandika. GB 90 zikahama kwa kufumba na kufumbua! (Diski ni ile ile, kinachobadilika ni anwani tu, lakini mimi nilijiona mchawi.) Nikaendelea. Mbili, tatu, nne... Nikajisemea, inakagua hiyo. Nikaenda kununua karanga.

Mchana sauti ikatoka jikoni: "Wee, hawa watu wa simu wanasema nimetumia asilimia 75 ya bando. Si nimeunga jana tu?"

"Matangazo hayo mama, achana nayo."

Kwenye kioo, asilimia nane. Inakagua taratibu, lakini kwa umakini. Ilipogota kumi, simu ya mama ikalia tena, na gemu likasimama.

Nikafungua folda. Ndani ya GTAV, folda ya Epic, imekaa Grand Theft Auto V, folda ya Steam, nzima nzima. Sikubandika faili, nilibandika folda. Nimetumbukiza sufuria ndani ya sufuria halafu nasubiri wali uchanganyike. Epic ilichungulia, haikuona inachokijua, ikaanza kushusha upya kwa hela ya vitenge.

Mwenye akili angezitoa zile faili nje ya folda ya ndani, kazi ya sekunde nyingine moja. Lakini mama alishasimama mlangoni, simu mkononi, kanga kaifunga kiunoni, na mimi nilichowaza ni kuficha ushahidi. Nikaichagua GTAV yote, nikafuta. Kompyuta ikaniuliza: hii ni kubwa mno kwa pipa la taka, ifutwe moja kwa moja? Maswali ya kipolisi hayo. Nikabonyeza ndiyo.

Diski ikapumua, zaidi ya GB 100 nyeupe. Ndipo nilipokumbuka kwamba nilikata, sikunakili.

Likizo ilipofika kaka akarudi. Sasa Steam ina kafaili kadogo kanakokumbuka gemu gani zimo, na hakakai ndani ya folda ya gemu, kwa hiyo sikukagusa. Alipoingia kwenye akaunti yake, kitufe cha kijani cha kuchezea kikawa kinang'aa kama kawaida. Akavuta kiti, akavunja vidole. "Umenitunzia vizuri, mdogo wangu."

"Mama," nikaita huku natafuta ndala, "hakuna cha kununua dukani?"

"Kipo. Bando."